Ufunguo wa Maabara

Nilifika Mtoni nikitokea Uganda, baada ya jeshi kuchukua nchi yetu, nikiwa na digrii ya kemia na magauni mawili. Kwenye ofisi ya elimu walinipokea vizuri, wakaniita ndugu, wakaniambia nisubiri kibali cha kufundisha. Nikasubiri mpaka basi. Mwisho nikashika kazi iliyopatikana: kupika chai ya walimu katika sekondari moja ya Temeke.

Jiko langu lilipakana na maabara, na maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli kwa kuwa mwalimu wa kemia hakuwapo. Kidato cha nne wangeingia kwenye mtihani bila kugusa hata chupa moja. Roho iliniuma! Kila nilipomwomba mwalimu mkuu anipe wale watoto niwafundishe, alicheka. "Ndugu, chai yako tamu mno, tutakuachaje?" Jamani, nusura nimmwagie hiyo chai.

Kila shule ilitakiwa iwe na mradi wa kujitegemea. Wenzetu walifuga kuku. Sie tukaamua kutengeneza sabuni, maana madukani ilikuwa imeadimika. Mwalimu mkuu mwenyewe alikoroga mafuta ya nazi, akamimina kostiki, yale magadi makali ya sabuni, kwa kukisia, kama anayetia chumvi mchuzini. Sabuni ikaganda, nyeupe, ikasifiwa na kila mtu. Akaenda kuiogea. Kesho yake alikuja shingo imembabuka, hata kifungo cha shati hakifungiki.

Akanifuata jikoni, safari hii hacheki. "Mama, nasikia unaijua kazi hii."

"Naijua. Lakini sipiki hata kipande mpaka unipe ufunguo wa maabara na kidato cha nne."

"Kibali chako hakijatoka. Wakaguzi wakija nitawaambia nini?"

"Waambie ni mradi wa kujitegemea."

Akaguna, akajipapasa mfukoni, akanipa ufunguo.

Jumatatu asubuhi nilipangusa vumbi la meza, nikawaita wanafunzi. Wakasimama huku wakinong'onezana, "Si mama chai huyu?"

"Ndiye mie," nikasema. "Kaeni." Nikaikandamiza chaki ubaoni kwa furaha hata ikakatika. Nikaokota kipande, nikaanza kuwaeleza kwa nini sabuni ile ilimbabua mkuu wao. Wakacheka, kisha wakaanza kuandika.

Saa nne mwalimu wa zamu akachungulia mlangoni. "Mama, vipi? Walimu wanangoja chai."

Sikugeuka kutoka ubaoni. "Ndugu, nina kipindi."