Kifungu cha Tisa cha Kanuni za Bustani

Nilijifunza kuandika sheria kwa kitabu kilichokosa kurasa arobaini za mwanzo. Nilikikuta Bukavu, kwa mama mmoja muuza karanga aliyekuwa akikichana ukurasa kwa ukurasa kufungia karanga zake, nikamsihi anipe kilichobaki. Kwa hiyo hadi leo sijui sheria huanzaje. Najua tu jinsi zinavyoendelea.

Siyasemi haya kwa kujivuna. Ninaungama. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, mtoto wa wakimbizi wa zamani, na baada ya vita tukarudi Kamembe. Nikapata kazi ya kuchapa barua katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mji, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vya haraka na hakuna aliyeniuliza cheti. Kila asubuhi nilingoja mtu aniulize. Nikikosea herufi moja nilichapa ukurasa mzima upya, na burugumestri, mkuu wa komini, akipita nyuma yangu alisema: "Wee kijana, karatasi unazikula?"

Vita vya Kongo vilikuwa vimeanza tena. Upepo ukitoka Bukavu tulisikia milio. Watu sokoni walinyamaza kidogo, wakasikiliza iko mbali kiasi gani, kisha wakaendelea kubishania bei ya nyanya. Ni katika siku hizo burugumestri alipoamua kwamba bustani yetu inahitaji utaratibu.

Bustani yenyewe ilikuwa mteremko juu ya soko, mahali unapoliona ziwa, wenye miti iliyopandwa kwa mistari kabla ya vita na mfanyakazi mmoja wa komini. Baada ya vita watu walianza kupigilia vipande vya bati kwenye miti ile, wakiandika majina ya watu wao waliokufa. Hakuna aliyethubutu kuwakataza. Lakini mchinjaji mmoja akapigilia jina lake mwenyewe, naye alikuwa hai na amenenepa. Mwingine akaandika "kwa kumkumbuka mke wangu mpendwa." Mke huyo hakuwa amekufa. Alikuwa Goma, na dereva.

"Andika kanuni," burugumestri aliniambia. "Ukurasa mumoja."

Niliandika kurasa kumi na moja. Kifungu cha pili kilisema mwenye jina sharti awe amekufa, na kwamba kuondoka peke yake hakutoshi. Cha nne kilisema bati lisizidi upana wa viganja viwili. Nikalala nikiwaza: viganja vya nani? Asubuhi nikaongeza "vya karani wa komini." Kwa wiki mbili watu walikuja ofisini na mabati, wakiniwekea viganjani kama wanaonipimia viatu.

Fahari yangu ilikuwa kifungu cha tisa. Nilikuwa na hofu kwamba hata tukiipa bustani jina la heshima, watu wataendelea kuiita "Kwa Muchinjaji." Basi nikaandika: jina la bustani litatajwa lote bila kukatwa, mlinzi wa bustani atalitaja kwa sauti kwa kila atakayeuliza, na atalitaja kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi, mbele ya wote. Nilikisoma kifungu hicho mara nyingi nikiwa peke yangu. Nilikipenda.

Ndipo akaja mjane wa yule aliyepanda miti. Bibi mwembamba, mwavuli kwapani, viatu mkononi, alivivaa mlangoni.

"Papa," aliniambia, mimi mtoto wa juzi, "bwana yangu walimuua mwaka ule. Hatukupata hata mufupa. Hana kaburi. Miye sitaki bati. Nataka batu balisemake jina lake, kila siku."

"Litasemwa, Maman. Kuna kifungu."

"Kwangu nyumbani hakuna mutu analisema. Ni miye tu. Nikikufa, imekwisha."

Niliandika pembeni mwa daftari: huzuni ya familia bado mbichi.

Baraza likakubali bila ubishi bustani iitwe kwa jina la mumewe. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Bibi alitaka lisemwe, hakutaka lisomwe. Mlinzi akachaguliwa mke wa mwanawe wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifagia pale tangu zamani. Nilipendekeza mimi. Niliona inapendeza: jina libaki nyumbani.

Nilikwenda kwao kumwonyesha bibi maandishi ya kibao, wakanipikia ugali. Jikoni yule mkamwana alimwambia binti yake, "Nipe kile cha kukorogea." Baadaye tena, "Osha kile cha kukorogea." Nikashangaa nyumba nzima haina neno la mwiko. Nusura niwafundishe.

Siku ya ufunguzi ikafika. Viti vya parokia, viti vya msikitini, kitambaa juu ya kibao, soko lote limepanda mteremko. Burugumestri, ambaye naye alikulia ng'ambo, Uvira, akasoma kifungu cha tisa kwa sauti nzito, nami nyuma yake nikikifuata kwa midomo. Kisha akamgeukia mlinzi, aliyesimama na ufagio wake.

"Maman, hii bustani inaitwa nani?"

Mlinzi akahamishia ufagio mkono wa pili.

"Inaitwa vile muliandika," akajibu.

"Ndiyo. Tuliandika nini?"

"Muliandika muzuri."

Watu wakaanza kucheka. Burugumestri akafunua kibao mwenyewe. "Soma basi, Maman."

"Macho inaona, mukubwa. Kinywa njo haiwezi."

Nilidhani amepatwa na woga. Woga naujua, ni ndugu yangu. Nikamsogelea, nikamnong'oneza jina sikioni ili nimsaidie. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetoka nje bila suruali.

Mwanamke mmoja muuza nyanya akapiga kelele: "Wee karani! Nyumbani kwenu hawakukufundisha? Ule ni baba mukwe wake! Muke hataji jina la baba ya bwana yake! Ni gutsinda!"

"Kumi na moja kurasa," mwanamume mmoja akasema, "na hii haikuingia."

Hapo ndipo nilipojifunza, mbele ya mji mzima, kitu ambacho kila mtoto wa pale alikijua. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Jina la yule mzee lilifanana na neno mwiko, kile cha kukorogea. Bibi alikuwa na wakamwana wanne, na wote walikaa naye. Haikuwa huzuni mbichi, ilikuwa heshima. Na mimi, katika watu wote wa Kamembe, nilikuwa nimemtafuta mmoja kati ya wanne wasioweza kulisema jina lile, nikamfanya mlinzi wake.

Nikamtazama bibi. Alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili, macho yakiwa chini. Aliniomba kitu kimoja tu, nami nikakizungushia ukuta, kifungu kwa kifungu. Kichwani nilikuwa nimeshaanza barua ya kujiuzulu, na nilikuwa nimefika aya ya tatu.

Mlinzi akaegemeza ufagio kwenye mti. Akashika kiuno, akawageukia watu.

"Na ninyi munaangalia tu? Miye nimekatazwa. Ninyi mumekatazwa na nani? Mumwambie mukubwa!"

Mtu mmoja akalitaja. Kisha wanawake wa nyanya, kwa pamoja. Kisha mteremko mzima, Waislamu, Wakatoliki, mchinjaji akiwazidi wote kwa sauti. Ndege wakaruka mitini.

Bibi akainua kidole. "Sikusikia muzuri," akasema.

Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Wakalitaja tena. Akaomba na mara ya tatu, naye burugumestri akavua kofia, akalitaja pamoja nao.

"Rekebisha kifungu cha tisa," aliniambia tulipokuwa tukishuka. Sikuuchapa ukurasa upya. Nilikata mstari kwa kalamu, wino ukachuruzika kidogo, na juu yake nikaandika: mlinzi akizuiwa na desturi, atawaomba waliopo walitaje. Ule ukurasa wenye doa ulipelekwa hivyo hivyo, ukapigwa muhuri.

Tangu hapo, mgeni akiuliza pale ni wapi, mlinzi aligeukia sokoni na kuita, "Mumwambie!" na wanawake wa nyanya wakapaza sauti. Bibi alihamishia kigoda chake chini ya mti wa kwanza. Hakuuza kitu. Alingoja wapita njia wasiomjua, akawaita kwa mkono.

"Muulize ule wa ufagio," aliwaambia, "hapa panaitwa nani."