Santuri Niliyoizungusha kwa Kidole

Kila Jumapili, misa ikishaisha na watu wameshakula, sisi wachache tunakutana mbele ya duka la redio hapa Mbinga mjini. Hatunywi pombe, hatuchezi bao. Tunasikilizishana muziki. Kila mmoja anakuja na wimbo aliokuwa akiusikiliza wiki ile, na mwenye duka anautoa kwenye spika yake kubwa. Mwenye duka ni Mwislamu, babu yake alitoka Kilwa, na yeye wiki zote ni taarabu tu, kama dunia haina kingine. Mwalimu mstaafu analeta dansi la zamani. Bwana ardhi, kijana wa Bukoba aliyehamishiwa huku, analeta vitu vya ajabu anavyovifukua kwenye simu. Mimi ndiye mwanamke peke yangu na ndiye mkubwa kuliko wote. Kiti chenye mto ni changu, na hakuna anayekigusa.

Basi Jumapili moja bwana ardhi akaja anacheka peke yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umetuletea nini, kilio tena?"

"Leo ni kilio chenyewe, Bibi. Bluzi. Watu weusi wa Marekani, zile za mwanzo kabisa, kabla magitaa hayajatiwa umeme. Mtu mmoja na gitaa lake, basi."

"Mtu mmoja?" mwenye duka akadakia. "Hata mpiga ngoma hana? Huyo kagombana na bendi yake."

"Weka bwana, wewe na maneno yako," mwalimu akasema.

Akaweka. Kwanza ukaja ule mchakacho wa santuri kuukuu, kama dagaa wanapoingia kwenye mafuta ya moto. Halafu gitaa, kavu, dole gumba likipiga chini kama mtu anayetwanga na vidole vingine vikilialia juu. Halafu sauti ya mwanamume, imekwaruza, haina haraka, inasema neno na kulirudia kama vile hukulisikia mara ya kwanza. Nikaweka kikombe changu chini. Wenzangu wanasema niliita, "Mjomba!" Mimi sikumbuki kuita.

Rafiki yangu unayesoma, mimi si mtu wa kulialia. Shule niliishia darasa la pili. Nimebeba dagaa kichwani kutoka ziwani hadi huku milimani wakati barabara ilikuwa njia ya mbuzi. Nikanunua lori, nikajenga nyumba ya wageni yenye choo ndani ya kila chumba, na hakuna mtu niliyempigia magoti. Kwa hiyo nikikwambia wimbo wa dakika tatu ulinimaliza nguvu zote mbele ya duka la watu, ujue si mchezo.

Nilikulia ziwani, upande wa Kihagara, kwa bibi mzaa mama. Kama hujakaa kule, nikuambie: kila kitu kinanuka usipa, wale dagaa wadogo wa Nyasa. Tuliwaanika kwenye mchanga asubuhi, tukawageuza jua likipanda, tukawafukuzia kunguru hadi mchana. Magamba yao yalikuwa yananing'ang'ania kwenye mikono mpaka kanisani, yanametameta kama nimevaa dhahabu. Baada ya usipa, muhogo: kuumenya, kuuloweka, kuuanika juu ya mawe, kuutwanga. Jioni ugali wake mweupe unaovutika, na siku ya bahati samaki mbasa wa kuchoma, mafuta yanadondoka kwenye makaa. Bibi hakupenda kuona mikono imelala. "Unakaa unangoja nini," alikuwa akisema, "jua likupikie?"

Mjomba alirudi kutoka Joni nikiwa mtoto wa kutosha kubeba ndoo ndogo. Joni ndivyo walivyouita mji wa machimbo ya dhahabu huko Kusini, na wanaume wengi wa pwani yetu walikwenda huko. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na cherehani. Mjomba alishuka melini Mbamba Bay na koti zito la baridi, sanduku la gramafoni, na santuri moja. Alikuwa nazo nyingi, akasema, zimevunjika njiani. Iliyobaki nzima ni hiyo, nyeusi, na katikati ina karatasi nyekundu yenye maandishi. Kingine alichorudi nacho ni kikohozi, lakini siku zile za mwanzo hakuna aliyekihesabu kuwa mzigo.

Nani alikuwa hajafika kwetu! Watu walikaa uani, mjomba anazungusha hendeli, anaiweka sindano, na yule mtu anaanza kuimba kutoka ndani ya sanduku. Sindano za chuma zilipokwisha, nilitumwa kuchuma miiba ya mndimu. Mjomba aliichonga kwa wembe, na wimbo ukatoka kwenye mwiba, laini kidogo, kama mtu anaimba amefunga mlango.

"Sauti yake ina mchanga huyo," bibi akasema siku ya kwanza. "Kwao hakuna mtu wa kumpa maji?"

"Ndivyo wanavyoimba, Mama. Amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Na mama yake."

Wiki iliyofuata jirani yetu mvuvi akauliza vilevile, mjomba akasema jamaa ameachwa na treni. Siku nyingine alikuwa amekimbiwa na mke. Mara punda wake kafa. Jirani akakasirika: "Kwani huyu mtu hana siku hata moja nzuri?" Mjomba akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kiingereza hakujua zaidi ya amri za mgodini. Wimbo ule alipewa na mwenzake wa chumba kimoja aliyekuwa anarudi kwao, na alisema alipousikia mara ya kwanza, akiwa ametoka chini ya ardhi na masikio yamejaa milio ya mashine, alijiona amekaa kwa mama yake.

Kikohozi kikakua. Mwanamume aliyeshuka melini amebeba sanduku begani akawa anapumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi kwenye maji. Leo tunajua ni vumbi la mawe, kwamba kifua kikishalinywa hakilitemi. Wakati ule tulijua tu kwamba hapumui. Bibi alichimba mizizi, akachemsha, akamkanda. Alipelekwa kwa mtumbwi zahanati ya misheni, akapewa dawa ya chupa, tamu, akarudi vilevile. Katekista alikuja na rozari, na waliotaka kusema ni mkono wa mtu nao walikuja na dawa zao. Hakuna aliyezembea. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba hakuna aliyezembea na haikusaidia kitu.

Katikati ya kifuku, mvua inanyesha kutwa na vijito vimefunga njia, springi ya gramafoni ikakatika. Tulisikia mlio mmoja tu ndani ya sanduku, na hendeli ikawa inazunguka bure kama jino bovu. Mjomba aliifungua akiwa amelala ubavu, akaitazama springi ilivyojikunja vipande viwili, akaifunga. Fundi baiskeli wa Mbamba Bay aliulizwa. Akasema kitu kama hicho labda Joni kwenyewe.

"Njoo," mjomba akaniambia. "Weka kidole hapa kwenye karatasi. Zungusha."

Nikazungusha. Yule mtu akaamka na sauti ya ng'ombe.

"Haraka kidogo."

Nikaongeza, akawa mtoto mchanga.

"Aa! Umemkimbiza kama mwizi!"

"Nikienda taratibu analala, Mjomba."

"Mwache asinzie. Usimuue tu."

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Usipa walikuwa hawakauki vizuri kwa mvua ile, muhogo ulikuwa unaota ukungu, na mimi nilikaa kando ya mkeka wa mjomba nazungusha santuri kwa kidole. Kidole kilipokufa ganzi nilibadilisha kingine. Zikipita siku, nikaanza kuushika mwendo. Mara moja moja, maneno mawili au matatu, yule mtu alitoka vilevile alivyokuwa kabla springi haijakatika, na mjomba anafumbua macho: "Hapo! Hapo hapo. Ndiye huyo." Na uso wake unalegea, na kifua kinashuka bila kukwaruza. Halafu mkono wangu unateleza, yule mtu anazama au anapaa, na kikohozi kinarudi.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakiamini. Niliona kwa macho yangu kwamba wimbo ukienda sawasawa mjomba anapumua. Kwa akili ya mtoto nikasema: nikiushika mwendo ule tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuuachia, atapona. Sikumwambia mtu. Nilikuwa najaribu. Nilihesabu kwa kichwa, nilihesabu kwa mguu, nilizungusha kwa kufuata mapigo ya kinu bibi akitwanga. Nilifika katikati ya wimbo siku moja, jasho linanitoka, mjomba kafumba macho, ametulia kabisa, na mkono ukachoka. Mkono wa mtoto una nguvu kiasi gani? Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mwache mtoto apumzike," akamwambia. Mjomba akasema, "Bado kidogo, Mama." Uji alikuwa amekwisha kuukataa. Bibi akaondoka, nikamsikia nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Alikufa asubuhi nikiwa ufukweni. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, nimetumwa kuanika. Nilisikia vilio nyumbani, nikajua, nikaendelea kuwageuza wale usipa mpaka wa mwisho kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Kwetu vyombo vya marehemu havibaki kwa walio hai. Kikombe chake, sahani yake, vinatobolewa au kuvunjwa, vinawekwa juu ya kaburi. Bibi alipitisha mkono mkekani akakusanya: kikombe cha bati, sahani ya maua, kijiko. Halafu akaichukua na santuri. Mjomba mwingine akasema hicho si chombo cha kulia. Bibi akamjibu, "Siku zote hizi ulimwona akila kingine?" Akaipiga kwenye jiwe mara moja. Ilivunjika kirahisi, kama kigae. Nilisimama pale na vidole vyangu vyenye malengelenge. Hakuna aliyemuuliza mtoto, na angeulizwa angesema nini?

Hiyo ndiyo habari niliyowaambia wenzangu mbele ya duka la redio. Mwenye duka alizima spika kabisa. Bwana ardhi, kijana mwenye moyo, akasema, "Bibi, wimbo huo tutautafuta. Siku hizi vyote vimo humu. Mwimbaji anaitwa nani?"

"Jina lilikuwa kwenye karatasi."

"Liliandikwaje?"

"Mimi nilikuwa sijui kusoma. Na nilipojua, karatasi ilikuwa imekwisha. Kidole kiliimaliza kabla bibi hajaivunja santuri."

Akaniambia niuimbe kwenye simu, simu itautambua. Nikauimba, mtu mzima mimi, mbele za watu wanaopita na mikungu ya ndizi. Simu ikafikiri, ikaleta tangazo la dawa ya meno. Mwalimu akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na mimi nikacheka pia, ungefanyaje. Tangu hapo kila Jumapili kijana analeta bluzi za zamani. Zimekwisha kuwa nyingi. Mwenye duka ameacha taarabu yake anasikiliza nasi, na anasema hawa watu wa Marekani wangekunywa chai wangepona nusu. Nasikiliza kila moja mpaka mwisho. Huyu hapana. Huyu hapana. Huyu gitaa ndilo, sauti siyo.

Jumapili iliyopita bwana ardhi akaleta mmoja, akauweka. Dole gumba likaanza kutwanga. Sauti ikaja, ikasema neno, ikalirudia. Kila kitu kilikuwepo mahali pake. Wote walikuwa wananitazama mimi badala ya spika.

"Ndio huu, Bibi?"

Sikujua. Nakuapia, sikujua. Huyu mtu alikuwa anaimba amenyooka, kama anatembea kwenye barabara ya lami. Wa kwetu alikuwa anazama, anapaa, anasinzia, anashtuka. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningependa kufa bila kukielewa: siku zile za hendeli nilikuwa mtoto anayecheza uani. Wimbo ulioniingia mwilini ni ule wa kando ya mkeka.

"Naweza kuupunguza mwendo," bwana ardhi akasema. "Simu inafanya."

Akaupunguza. Akauongeza. Akaupunguza tena, kijana wa watu, anahangaika na kioo chake, ananitazama usoni kila akigusa. Lakini simu inajua kwenda taratibu, haijui kuchoka. Nikamwambia aache, amefanya vya kutosha. Akaniuliza kama atafute mwingine wiki ijayo. Nikamwambia atafute akipenda.

Nyumba yetu ya ziwani maji yaliichukua zamani, na makaburi ya upande ule yameota magugu, huwezi kujua la nani ni lipi. Wanaume hawaendi tena Joni. Waliousikia wimbo ule kwa mwendo wa kidole changu tulikuwa watatu: mjomba, bibi mlangoni, na mimi. Nimebaki mimi, nina lori na nyumba ya wageni, na nikifungua mdomo kuuimba, mwendo ule hautoki.