Paa la Kitambaa Chini ya Kamba za Nguo

Gari langu lilijaa maji mwezi wa Januari, wakati Nairobi nzima ilikuwa imekauka na vumbi la Tassia limefika mpaka kwenye chai. Nilifungua buti nikakuta kidimbwi. Nikachovya kidole, nikanusa. Maji yalinukia sabuni ya kufulia.

Ni gari la paa la kufunguka. Unabonyeza kidude karibu na usukani, kitambaa kinajikunja chenyewe kama mtu anayevua shati, kinalala nyuma chini ya kifuniko, na wewe unabaki na mbingu. Mwenye nalo alikuwa amelitelekeza uani kwake miaka mingi. Nilimpa pikipiki yangu na akiba yote ya kuuza viatu vya mtumba Gikomba, nikarudi nyumbani nikiimba. Sikujua kwamba bei ya kununua ndiyo ilikuwa ndogo.

Magurudumu yake ni mapana, hayapatikani kwa kila muuzaji. Mafuta linataka yale ya bei ya juu. Bima waliponiuliza ni gari gani, walicheka kwanza ndipo wakanitajia bei. Na siku fundi alipochomeka kompyuta yake, orodha ya makosa ilitoka ndefu kuliko ya asubuhi ya Jumatatu pale korti ya Makadara. Kuchomeka tu nako kulilipiwa. Hata hivyo nililipenda. Jioni nilikaa ndani nikiwa nimeliegesha, nafungua paa, nafunga, nafungua.

Lakini kidimbwi hiki kilinitisha, kwa sababu ya mama.

Wazazi wangu walianza maisha bila harusi, kama wengi mtaani, wakisema ya kanisa itafuata. Tukafuata sisi watoto kwanza, halafu karo, halafu kodi ya nyumba. Sasa baba amestaafu ukarani wa reli, mama bado anauza dagaa wa omena na mboga za kienyeji Majengo, na hatimaye tarehe ilipatikana. Jumamosi. Mama hakuitisha keki kubwa wala gauni la kukodisha. Aliniita jikoni akaniambia, "Siku hiyo unifungulie hilo paa. Hiyo Jogoo Road nimeipita miaka yote nikiwa na gunia mapajani. Mara moja tu nataka nayo inione."

Baba alisikia akiwa sebuleni. "Gari gani hilo lina paa ya hema?" alisema. "Mimi nitapanda gari la mabati kama watu. Sitaki kuangaliwa-angaliwa."

Ndiyo maana nilimkimbilia fundi wiki ile ya harusi. Aliinama ndani ya buti, akainuka na mkono unaodondoka povu.

"Boss, hii gari unaioshea ndani?"

"Sijui maji yanatoka wapi. Mvua hakuna."

"Unaiparki wapi?"

Nilipomwambia ni chini ya ploti yetu ya ghorofa, upande wa kamba za nguo, alikaa kwenye tairi akacheka mpaka akashika tumbo. Akanionyesha: pembeni mwa paa kuna vitundu vya kutoa maji. Vyangu vilikuwa vimezibwa na vumbi na nyuzi za blanketi. Kila nguo iliyochuruzika maji kutoka ghorofani ilichuruzikia paa langu, maji yakakosa njia, yakashuka kwenye buti. Na humo ndani ya buti, sijui nani aliwashauri waliolitengeneza, ndimo walimoweka pampu ya kuinua paa.

"Pampu mpya inaagizwa ng'ambo, Jumamosi haifiki," alisema, akivizibua vitundu kwa waya. "Hii nitaikausha. Inaweza fanya. Lakini ikilowa tena, bro, hiyo paa usahau."

Kulisogeza gari nisingeweza. Nafasi yangu ni hiyo moja; kwingine kote ni njia ya lori la maji. Basi nikapanda ngazi kwenda kwa Mama Pacha wa orofa ya tatu, tunayemwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake. Yeye hufua nguo za watu kwa malipo, na kamba nyingi ni zake. Niliona aibu hata kabla ya kugonga mlango. Mtu unamwambiaje aache kuanika riziki yake kwa sababu gari lako linalowa?

"Kwa hivyo," alisema, mikono kiunoni, "hilo gari lako la matajiri ndilo linakunywa maji ya blanketi zangu?"

"Pole, Mama Pacha. Ni mpaka Jumamosi tu. Ni mamangu anataka paa lifunguke."

Aliponisikia nikimtaja mama alilegea. "Mamako ndiye alinipikia nilipojifungua hawa wawili. Haya, nitaanika juu kabisa ya ploti. Lakini na mimi nibebwe hiyo siku." Wiki nzima nilimwona akipanda ngazi hadi juu na beseni kichwani. Nikirudi kutoka kazini nilimpokea beseni, naye akinitania, "Pole pole, dereva wa bibi harusi!"

Jumamosi asubuhi gari liling'aa. Mama alishuka ngazi kwa gauni jeupe la kushonewa, majirani wakipiga vigelegele kwenye roshani zote. Nikabonyeza kidude. Kifuniko cha nyuma kikainuka, paa likaanza kupanda, likafika katikati na kusimama wima, kama mtu kanisani asiyejua kama ni wakati wa kuketi.

Nikabonyeza tena. Kimya. Likagoma kwenda na likagoma kurudi.

"Si kitu, mwanangu," mama alisema. "Tutaenda na lile lingine la babako." Lakini sauti ilikuwa imeshuka, na macho aliyaelekeza kwenye viatu vyake.

Nilimpigia fundi simu. "Legeza ile skrubu ya pampu niliyokuonyesha," aliniambia, "halafu mlisukume paa na mikono. Pole pole, usinivunjie!"

Nikalegeza. Mama Pacha akashika upande wa kushoto. Wa kulia hakukuwa na mtu, na kabla sijaita nikaona mkono wa suti ya kijivu. Baba alikuwa ameshuka kutoka gari la mabati.

"Mnangoja nini?" alisema. "Sukumeni!"

Paa likalala. Kifuniko nacho kikashuka, ila hakikufunga. Ukikiacha kinaruka juu. Baba alikitazama, akamtazama mama, akavua viatu na kukalia kifuniko, miguu juu ya kiti cha nyuma, ubavuni mwa Mama Pacha aliyekuwa ameshaketi hapo. Kikatulia.

"Endesha," alisema. "Na usiniangushe."

Tuliingia Jogoo Road mwendo wa mtu anayetembea, mama mbele kando yangu, kitambaa cha kichwa kikipepea. Makanga wa matatu wakamwona mzee wa suti ameketi juu ya gari.

"Mheshimiwa! Tuachie kitu!"

"Unagombea wapi, mzee? Kura zetu ni zako!"

Mwanzoni baba alijifanya hasikii. Karibu na Makadara nilitazama kioo nikamwona amevua kofia, anawapungia wa kushoto, kisha wa kulia. Mama aligeuka kumwona, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani. Wanawake wenye mizigo stejini walimshangilia, naye akawanyooshea mikono yote miwili, mapaja yake hayana kitu.

Tulipofika lango la kanisa nilipunguza mwendo ili niingie. Nikahisi mkono wa baba begani.

"Zunguka mara moja tena," alisema.

"Baba, padri anangoja!"

"Ametungoja miaka yote hii. Raundi moja haitamuua. Mamako bado hajaonekana na upande ule mwingine wa barabara."

Nikazunguka.