Mashine ya Mwalimu Aliyenifukuza

Aliingia kwenye chumba changu cha kutengenezea mashine, hapa Kasenga, jua likiwa kali bado. Kompyuta yake alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha meza. Nilimtambua kabla hajavua kofia.

Alikuwa mwalimu wangu wa informatiki, somo la kompyuta, katika sekondari. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba alinisimamisha mbele ya darasa, akasema kle yangu, yaani kale kafimbo ka kubebea mafaili, ndiyo iliyoleta virusi katika mashine zote sita za shule. Prefe, mkuu wetu, alinikataza chumba cha mashine mwaka mzima. Mama yangu aliitwa. Alikaa kwenye benchi ya ofisi, mikono mapajani, hajui virusi ni mdudu au ni dawa, akaomba msamaha. Adhabu nilishaisahau. Ile sauti ya mama ndiyo sikuweza kuisahau.

"Mama, habari ya kazi," aliniambia, macho yake yakiwa juu ya meza. "Miye niko na shida. Mafolda yote iligeuka, ukifungua hakuna kitu. Na mu ndani iko kazi za wanafunzi makumi ine na moja. Kesho saa mbili wanazitetea mbele ya jury, wale waalimu wa kupima."

"Mukae, Mwalimu," nilimjibu. Kama alinitambua, hakuonyesha.

Diski ya mashine yake ilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya mfumo, ya pili ya kazi zake. Katika ile ya pili kila folda ilikuwa na kimshale pembeni. Niliujua mchezo huo: virusi huficha folda ya kweli, kisha huweka mlango wa uongo mahali pake. Nilifungua dawa ya virusi iliyokuwa humo, ikajifunga yenyewe. Nikafungua tena, ikajifunga tena. Kuvitoa virusi huku mashine imewashwa kwa mfumo wake ni kama kufagia chumba wakati mtu anakaa mlangoni anamwaga mchanga. Nikaizima. Nikachukua kle yangu ya kazi, yenye mfumo mwingine mzima na dawa yake, ili mashine iamke kutoka humo na diski ibaki imelala.

Nilipotaka kuichomeka, aliinua mkono.

"Iyo kle yako, iko safi?"

Mkono wangu ulibaki hewani.

"Iko safi, Mwalimu. Na ile yenu?"

Aligusa mfuko wa shati, mahali kle yake ilipokuwa.

Mashine iliamka. Niliingia sehemu ya pili, na humo, ndani ya folda isiyo na jina, nikakuta kazi zote arobaini na moja, kila moja na jina la mwanafunzi. Nilizichagua zote ili nizinakili kwenye diski yangu kabla ya kusafisha chochote. Orodha ikafunguka kwenye skrini: nakili, hamisha, futa. Yeye alikaa upande wa pili wa meza, hakuona kitu. Nasema ukweli: niliitazama ile "futa" kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ningemwambia virusi vimezila, na angeamini. Kisha nikasoma jina la mwisho katika orodha, la msichana, na juu yake la msichana mwingine. Nikabonyeza nakili.

Dakika chache baadaye umeme ukaenda.

Betri ya mashine yake ilishakufa siku nyingi, ilikuwa ikiishi kwa waya tu. Betri yangu ya sola ilipokea mzigo, lakini hadi jana yake mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima na haikuwa imejaa. Ikaanza kulia: ti, ti, ti. Faili ya ishirini. Ya ishirini na nane. Mwalimu alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake. Ya thelathini na nane ikapita, kilio kikawa kirefu kimoja, na skrini ikazimika.

Tulikaa tukisubiri umeme. Nje pikipiki zilipita. Mwishowe nikamuuliza moja kwa moja.

"Mwalimu, munanikumbuka?"

"Nilikujua tangu mu mlango."

"Ile siku, mulijua kweli ni kle yangu?"

Alijikuna kidevu. "Prefe alikuwa anataka jina. Weye ndiye ulitoka wa mwisho mu chumba."

"Na yenu, muliipima?"

"Yangu sikuipima."

"Mama yangu aliomba msamaha, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwa pale."

Nilingoja aongeze neno. Alichukua kile kitambaa cha meza, akakikunja mara nne, akakikunjua.

Umeme ulirudi jua likielekea milimani. Niliamsha mashine tena kutoka kwenye kle. Kule kuzimika ghafla kulikuwa kumeijeruhi diski: faili tatu zilizobaki zilifunguka zikiwa alama tupu, hazisomeki. Niliacha dawa ipite sehemu zote mbili za diski, ikatoa virusi kwa mamia, nikazirudisha kazi thelathini na nane mahali pake, kisha nikaomba kle yake. Alinipa bila ubishi. Ilikuwa imejaa virusi vilevile. Niliigeuza skrini ili asome mwenyewe. Alisoma, akaandika majina ya wale watatu kwenye kiganja chake, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, wawili kati ya wale watatu walikuwa mlangoni kwangu na nakala zao za zamani, wakitaka kuchapisha. Mmoja alinitajia jina: ndiye yule msichana wa mwisho katika orodha.

"Mwalimu aliwaambia nini?" nilimuuliza.

"Alisema tu mashini iliharibika."

Nilichukua kle yake, nikaipima kwanza, nikamwonyesha kwamba ni safi, ndipo nikawasha printa.