Madaktari Waliobishana Kwenye Benchi

Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu kliniki ya saratani mjini Kisii, tukaketi karibu na mama mmoja mkulima wa chai kutoka Sironga. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa upasuaji alikuwa amemwambia uondolewe mara moja, na daktari wa dawa za saratani akamwambia aanze na dawa. Mama alichukua kikapu chake, akamwambia muuguzi, "Sista, mimi naenda nyumbani. Wakishaelewana, mnipigie simu."

Muuguzi alimshika mkono, akawaita madaktari wote wawili pale pale kwenye benchi.

"Nikichelewa kukata, utasambaa," alisema wa upasuaji.

"Ukikata kabla haujapungua, hutaumaliza wote," akajibu mwenzake.

Wa upasuaji alijikuna kisogo. "Na dawa zisipofanya kazi?"

"Tutakuwa tukimpima pamoja, mimi na wewe. Tukiona haupungui, nakuachia siku hiyo hiyo."

"Basi tuanze na dawa."

Mama aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaketi. "Hapo sawa. Si mngeniambia hivyo tangu asubuhi?"

Wiki iliyopita nilimkuta soko la Daraja Mbili akichagua ndizi, nywele zimeanza kuota tena. Uvimbe ulipungua, ukakatwa, naye anaendelea vizuri.

Siku zote nilidhani madaktari wakibishana, mgonjwa amekwisha. Siku hizi nawaombea wabishane, mradi mgonjwa awe anawasikia.