Marekani Mezani Petu

Babu yangu alipokufa, kule Tabora, kaburi lake lilichimbwa na Mzaramo. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, shule sijaingia bado, na nilipoingia sikukaa. Huyo Mzaramo alikuwa fundi wa reli, mtu mfupi mwenye kifua, na kwa kuwa Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, alifika alfajiri na jembe lake mwenyewe begani. Alichimba mpaka jua likawa kali. Maiti ilipoletwa, akajilaza shimoni, akafumba macho, akasema hatoki, nafasi imeshachukuliwa, na huyo mzee wenu alikuwa mchoyo hata wa ugoro, atawasumbua wenzake huko aendako. Bibi yangu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, alicheka mpaka akakaa chini. Mzaramo akapewa jogoo ndipo akainuka, akajipangusa udongo, akashuka tena kuupokea mwili kwa mikono yake.

Nilitaka kueleza habari za Marekani, sijui kwa nini nimeanzia huko. Ukifika umri wangu mambo hayaji kwa foleni. Ngoja nije polepole.

Nilikuja Birmingham kijana, nikapata kazi kiwanda cha magari Longbridge, kufunga milango. Mlango wa kushoto tu. Ungeniuliza habari za mlango wa kulia nisingekuwa na la kukwambia, kulikuwa na mtu wake ng'ambo ya gari, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nilimfahamu zaidi kwa mikono kuliko kwa uso. Kiwanda kimekwenda. Sasa pana maduka na nyumba, na maziwa yangu nayanunua jirani na pale nilipokuwa nasimama. Nikipita napunguza mwendo, ingawa magoti nayo hayaniachii mwendo wa kupunguza.

Baridi niliizoea. Nilichokosa ni mtu wa kunitukana vizuri. Waingereza wa kiwandani walikuwa na mizaha yao, lakini ukimwambia mtu mama yake anapika vibaya, anataka kupigana. Basi nilipostaafu, nikakutana na mzee mmoja wa Uvira, Mkongo, Mkristo wa kanisa la mapambio na ngoma, siku ya kwanza tu nikamwambia suruali yake imepandishwa juu kana kwamba anavuka mto Ruzizi. Akaniangalia, akasema afadhali yeye anayevuka, sisi wa Tabora hatuna hata mto wa kutuzamisha. Nikajua nimepata mtani. Kwa desturi hatukuwa watani, tulijitengenezea.

Tukaongeza wa tatu, mzee wa Pemba. Huyo alikuwa na duka la vitambaa zamani, sasa ana watoto wawili Marekani na dawa nyingi za presha. Kwao utani wa namna yetu haupo, nikamfundisha. Nikamwambia mtani ana ruhusa. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako usikasirike. Anaweza hata kuja msibani kwako akamcheka marehemu, na hiyo ndiyo heshima. Alilipenda jambo hilo mno. Mtu ameishi miaka sabini na kitu kwa adabu, halafu unampa ruhusa ya kutukana.

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri tulikutana Balsall Heath, kwa mama mmoja wa Mombasa mwenye kijichumba cha chai na mahamri, kimebanwa katikati ya mikahawa ya Wapakistani. Miaka ya kwanza tulitukanana kwa mambo ya maana: kukoroma, upara, wake. Kisha zikaja simu hizi za kisasa, na Marekani ikaingia mezani.

Mwanzoni nilidhani wanazungumza mpira, maana walikuwa wakisema wa buluu na wa nyekundu. Mtani wangu wa Uvira alikuwa nyekundu. Kanisani kwao walipenda wahubiri wa Marekani, na wahubiri hao walisema upande ule ndio unaomwogopa Mungu, unaotetea mimba zisitolewe, unaotaka mtoto alelewe na baba na mama. Mpemba alikuwa buluu. Alisema upande wake ndio unaomjali maskini akiugua, na ndio usiomtazama Mwislamu kama bomu linalotembea. Redioni nimesikia wakiitwa wahafidhina na wapenda mageuzi, lakini kwetu ilikuwa rangi tu.

Nami nilikaa katikati. Mtani wangu akisema nchi lazima iwe na mlango na mwenye mlango ajue nani anaingia, sikuona kosa. Mpemba akisema aliyekimbia vita si mwizi wa kupigiwa kelele mlangoni, hapo pia sikuona kosa. Nikisema hivyo, wote wawili walinigeukia. Mmoja aliniita uji wa vuguvugu. Mwingine aliniita popo, si ndege si mnyama. Mama wa Mombasa, akipita na birika, alikuwa akituambia hapa nauza chai, siuzi Marekani, mwenye kuitaka akapande ndege.

Na jambo la kuchekesha, au kuliza, ni kwamba wale wawili walikuwa mtu mmoja. Mpemba huyo mpenda mageuzi, nyumbani kwake binti aliyebaki naye hatoki bila kusema aendako. Na mtani wangu mhafidhina alikuwa akipeleka chakula kila wiki kwa vijana wa Kisudani wasio na karatasi, akiwapikia sombe, kisamvu cha kwao, kwa mikono yake, bila kuwauliza wameingia kwa mlango upi. Siku moja niliwaomba wabadilishane simu, kila mmoja atazame mambo ya mwenzake. Wakatazama wamekunja nyuso. Baada ya muda nikasogea kuchungulia, nikaona simu zote mbili zinatangaza dawa ileile ya magoti. Nikacheka. Wao hawakucheka, walirudishiana simu kama watu waliopokea kitu kichafu.

Hapo nilipaswa kuona. Mtani akiacha kucheka, utani umeshaondoka, limebaki tusi.

Watoto wa Mpemba, mmoja yuko Minnesota, mwalimu, buluu kama baba yake. Mwingine yuko Texas, ana malori, nyekundu. Walikosana kwa ajili ya uchaguzi, na sikukuu za Idi baba yao alikuwa akimpigia huyu, anakata, anampigia yule, na kila mmoja anauliza kama yule mwingine ameshapigiwa. Alitueleza hilo akiwa na uchungu. Wiki moja wakibishana, mtani wangu akamwambia yeye anayejua dawa ya Marekani nzima aanze na wanawe wawili. Ulikuwa utani, kwa kanuni nilizoweka mimi. Mpemba alitabasamu kwa meno tu, akaomba sukari, na sukari ilikuwa mbele yake.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Mtani wangu alikuwa na dada, wa mwisho kwao, yuko kambi ya wakimbizi Kigoma na watoto wanne. Amekaa humo muda mrefu hata mtoto mkubwa hajui nyumba isiyo ya kambi. Uingereza hawakupata njia ya kumleta. Marekani ndiyo iliyomkubali. Walihojiwa, wakapimwa vifua, wakachomwa sindano, wakaambiwa mji watakaokwenda, mji wa baridi. Mtani wangu hakuwa na habari nyingine tena. Alikuwa akizunguka maduka ya nguo za mitumba, Kings Heath, Stirchley, akinunua makoti ya watoto, na kila koti alilileta mezani tulione. Kulikuwa na moja la manjano lenye vifungo vya mbao. Alilipima kwa kuliweka kifuani pake, mtu mkubwa vile, akauliza kama litamwenea mtoto wa miaka sita. Alikuwa amekata shauri kwamba akiwaona wamefika, ataomba viza aende akamkumbatie dada yake, kwani hakumwona tangu siku walipotengana njiani wakikimbia.

Halafu serikali ikabadilika kule, ikaja ya upande wake, upande aliouombea kwa kufunga. Na safari za wakimbizi zikasimamishwa.

Alinipigia simu siku ya kazi, asubuhi. Akaniambia dada yake alikuwa ameshagawa masufuria kwa majirani. Nilingoja aseme neno juu ya hao aliowaombea. Akasema labda ni kwa muda, nchi inapanga nyumba yake kwanza, mtu huwezi kulaumu mwenye nyumba. Sauti ilikuwa ya mtu anayeshika ukuta asianguke. Nikamwambia ndiyo, labda ni kwa muda.

Nikampigia Mpemba. Nikamweleza yote, maana sikutaka Jumamosi afike bila kujua akaropoka. Nikamwambia, nakumbuka maneno yangu, tumchangamshe mwenzetu, hiyo ndiyo kazi ya watani. Akasema sawa, niachie mimi.

Nimerudia maneno hayo kichwani mara nyingi, nikiwa kwenye basi, nikiwa nakoroga uji, na kila mara uso unapata moto. Nilipomfundisha yule mzee utani nilimfundisha matusi. Habari ya jembe sikuitaja. Sikumwambia kwamba mtani anayecheka msibani ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba, ndiye anayebeba maji na kupasua kuni, na watu wanamvumilia mdomo kwa sababu wameiona mikono. Kwangu hilo lilikuwa wazi mno hata sikuona haja ya kulisema. Na hao wa kwenye simu, wa buluu na wa nyekundu, ninavyowaona mimi ndivyo walivyo: mwenzao akifiwa wanakuja kucheka, mikono mitupu. Sisi watatu hatukuwa na kura hata moja kule. Hatujawahi kukanyaga uwanja wao wa ndege. Lakini ubaya wao tuliujua wote kwa moyo.

Jumamosi ile Mpemba alitangulia. Nilipofika nilikuta ameweka kofia nyekundu kwenye kiti cha mtani wetu, kofia ya mchezo ya sokoni Bull Ring, isiyo na maandishi. Nikaiona. Nilikuwa na nafasi ya kuiondoa, nikavua koti langu, nikaagiza chai. Nilijiambia huyu amejifunza, huenda atafanya vizuri, huenda baada ya kicheko atatoa neno la kufariji. Na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani alioufanya kwa moyo safi, kwa jinsi nilivyomfundisha, au alikuwa akilipiza lile la wanawe. Sidhani hata yeye anajua.

Mtani wangu aliingia amevaa suti ya kanisani. Alitupa sote mkono, hata mama wa Mombasa, aliyempa pole kwa sauti ya chini. Kisha akaiona kofia. Akasimama.

"Ivae, yakhe," Mpemba akasema. "Jamaa zako wamekukumbuka. Dada yako wamemnyima ndege, wewe wamekuletea kofia."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kwa mazoea ya Jumamosi zote zile, nacho kilikuwa kikubwa. Kilipokuwa kinanitoka ndipo nilipomwona mama wa Mombasa ameshusha birika, ananitazama mimi, hamtazami aliyesema.

Mtani wangu aliiokota kofia, akaipangusa kana kwamba ina vumbi, akaiweka mezani kati ya vikombe. Hakukaa.

"Bon, sawa," akasema. Akatueleza taratibu kwamba ndani ya basi alikuwa akiwaza kutuuliza neno moja, kwa kuwa hapa mjini wazee wenzake ni sisi. Hakumgeukia Mpemba. Alinigeukia mimi. "Muzee, ile makoti ya batoto, niipeleke wapi?"

Mpemba alivua miwani. Akaanza kusema ni utani, si ni wewe uliyesema watani, mwambie basi, mwambie. Mkono wake ulikuwa umeshika nyuzi za shuka ya meza na unazivuta. Nao wote wawili wakaningoja, kama walivyozoea kuningoja wakibishana, mzee wa katikati atoe hukumu yake nusu kwa nusu.

Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kusema twende kwako sasa hivi sote watatu tuyafunge tuyapeleke posta, Kigoma kuna asubuhi za baridi pia. Ningeweza kusema tumekukosea. Yalikuwa maneno mepesi, hata mtu asiyesoma anayo.

Nikasema, "Kaa kwanza unywe chai."

"Asante," akasema. "Nimekunywa nyumbani."

Alikisukuma kiti chake ndani ya meza, sawasawa, wasije wateja wakajikwaa. Akamuaga mama wa Mombasa. Tulimtazama kwa dirisha akivuka barabara, akipita kituo cha basi ambapo basi lake lilikuwa limesimama milango wazi, akikaza mwendo kwa miguu upande wa mjini, na hakurudi tena.