Jina la Remy katika Kifungu cha Sindano

Lorraine Thibodeau husahihisha miswada. Kule Augusta, ghorofa ya chini ya jengo la bunge la jimbo, tunaketi wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kalamu. Mikato na nukta pia tunazisoma, maana macho ni waongo. Wageni wakitusikia hucheka. Na wacheke.

Februari ukaja muswada wa elimu. Wakubwa waliuita marekebisho ya kiufundi, yaani yasiyomgusa mtu. Msemo huo siku hizi unanikera. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu.

"Umekula mkato, Haskell," akasema Lorraine. "Nyumbani hawakukupa chai?"

"Mkato mmoja tu, mama, na wewe unautolea macho!"

Nikafungua ukurasa wa pili, nikakutana na kifungu cha sindano. Kila shule iwe na sindano ya kumwokoa mtoto ambaye mwili wake haustahimili sumu ya nyuki. Remy, mwana wa pekee wa Lorraine, aliumwa na nyuki uwanjani mwa shule, na sindano haikuwepo; hakupona. Lorraine na marehemu mumewe waliwaganda wabunge mpaka sheria ikapita, ikapewa jina la mtoto. Sasa sindano inabaki, jina linafutwa, kwa kuwa vitabu vipya vya sheria havibebi majina ya watu. Mwenyewe huwa hamtaji mwanawe, nasi tulishazoea kutouliza.

Nikasoma kifungu, jina nikaliruka.

"Umeruka," akasema.

"Twende tukamwone mkuu, Lorraine. Tumwombe."

"Nilishakwenda. Kanuni ni kanuni, kasema, na pole sana. Soma."

"Dada yangu, mimi hili siliwezi."

"Basi lete. Supu yangu inapoa."

Nilimtazama nikitafuta chozi, au hata hasira. Hakuna. Akauvuta ukurasa, akasoma kwa sauti ileile anayosomea vifungu vya mabasi ya shule:

"Anza kufuta. Sheria ya Remy Thibodeau. Mwisho wa kufuta."

Miaka yote niliyokaa naye meza moja, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina hilo. Nikaichukua kalamu yake.

"Weka alama, Haskell," akasema.

Nikaweka.